Swali Nililouliza Hai Jalaba

Watu wanaorudi Juba kutoka nje hurudi na vitu. Wengine huja na magodoro, wengine jenereta, wengine mke wa kigeni. Mimi nilirudi na diploma ya kazi za jamii, na sioni haya kusema kwamba hakuna mjomba wala askofu aliyenilipia. Nilibeba mawe kwenye mijengo ya Eldoret mpaka vumbi la saruji likaingia kwenye kope, kisha jioni nikaoga kwa haraka na kuingia darasani na vidole vilivyopasuka. Wenzangu wa kambi ya wakimbizi waliosema kwamba masomo ni ya watoto wa mawaziri bado wako kambini. Mimi nina ofisi, nina meza, na watu wa Juba huniita ustaz, yaani mwalimu, ingawa sijawahi kusimama mbele ya ubao.

Ofisini kwetu, kwenye shirika la misaada, wako Wakenya wenye digrii, wanaozungumza vizuri sana mikutanoni. Lakini ikija kazi ya kuingia uani kwa watu, kukaa kwenye kitanda cha kamba na kusikiliza bibi akilalamika mpaka amalize, hunitafuta mimi. Najua kusubiri. Kazi yangu ni watu ambao akili zao hazikukua sawa na miili yao, waliozaliwa hivyo au walioharibikiwa utotoni kwa homa. Mjini hapa hawana shule wala daktari wao. Wengi wa majirani hawatofautishi ulemavu huo na wazimu. Husema "majnun", kichaa, na habari imeishia hapo. Mwenye kichaa wake humfungia ndani ili asimletee aibu au asigongwe na lori.

Sitataja majina. Yule ninayetaka kumwandika nitamwita binti tu, ingawa nilipomkuta alikuwa amevuka miaka ishirini. Aliishi na mama yake mtaa wa Hai Jalaba, nyuma ya maduka ya vyuma. Baba yake alikuwa askari, akafa. Binti mwenyewe alizaliwa kambini Kenya, akachelewa kutembea, akachelewa zaidi kusema. Mama aliuza siagi ya karanga katika soko la Custom, na kila asubuhi kabla ya kwenda alifunga mlango kwa waya kutoka nje.

Siku ya kwanza niliukuta mlango umefungwa hivyo. Nilimwona binti kupitia ufa wa bati. Alikuwa ameketi sakafuni, anavuta nyuzi za mkeka, mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu mkubwa. Mama aliporudi aliniona na hakuona haya.

"Aliwahi kutoka," alisema. "Nilimpata barabara ya malori, amekaa katikati, anawapungia mkono madereva. Sasa niambie wewe uliyesoma, nifanye nini?"

Swali hilo sikulijibu kwa maneno, nililijibu kwa kazi. Ni hapa ndipo mafunzo yangu yanapoonekana. Mtu wa namna ile humfundishi chai. Unamfundisha kushika sufuria. Akishajua kushika sufuria, unamfundisha kutia maji mpaka kwenye alama. Unamwuliza, "Tuweke maji?" naye akisema "Ndiyo," unapiga makofi, unacheka, unamfurahia, mpaka ndiyo ile inakuwa tamu mdomoni mwake. Kisha moto. Kisha majani. Niliendelea hivyo msimu wote wa mvua, matope yakifika kwenye fundo la mguu, na wenzangu wa ofisini wakiniuliza kama ninajenga nyumba huko.

Mvua zilipokwisha, binti alikuwa anapika chai. Alifagia ua. Aliosha nguo zake mwenyewe na kuzianika kwa kuzipanga kwa rangi, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Wageni wakija alipiga goti kidogo, kama desturi yao, akaweka sinia mezani bila kumwaga. Mama aliacha kufunga mlango kwa waya. Alimwachia jirani, mwanamke aliyekaa mbele ya nyumba akisuka nywele za watu, na binti akakaa naye akimpitishia nyuzi. Waendesha boda walimsalimu. "Dada, habari?" Naye, "Ndiyo."

Nimefanya kazi na watu wengi. Kazi kama ile sijaona mwingine mjini humu akiifanya, na sidhani kwamba ninajisifu kupita kiasi.

Kanisani kwao waliniomba nizungumze siku moja baada ya ibada. Nilisimama na binti pembeni yangu, amevaa gauni la kijani, nywele zimesukwa na yule jirani. Nikawaambia waumini wasimwite majnun. "Huyu ni mtu kamili," nilisema. "Ana neno lake. Mwulizeni, atawajibu." Watu walipiga makofi. Binti naye alipiga, kwa sababu makofi aliyajua. Kwenye benchi za mbele alikuwepo baba yake mkubwa, kaka wa marehemu, askari mstaafu anayeishi upande wa Bilpam. Kabla ya hapo hakuwahi kufika kwa shemeji yake isipokuwa msibani. Siku ile alinishika mkono kwa mikono yote miwili. "Ustaz," alisema, "umetutolea mtu gizani."

Baada ya wiki chache mama alikuja ofisini. Hakuwahi kuja ofisini. Aliketi ukingoni mwa kiti na khanga yake ikiwa na madoa ya karanga.

"Baba zake wamempatia mume," alisema.

Nilidhani ni mzaha. Nikamwuliza ni nani.

"Mtu aliyekufa."

Mimi ni mtu wa Equatoria, si wa kabila lao, na desturi ile nilikuwa nimeisikia tu. Kijana akifa kabla ya kuoa, jina lake hukatika. Basi ndugu zake humwolea mke. Ng'ombe hutolewa kwa jina la marehemu, mwanamke huja nyumbani, na ndugu aliye hai hulala naye kwa niaba yake. Watoto huitwa wa marehemu. Si jambo la aibu kwao. Ni wajibu, kama sisi tunavyojenga kaburi. Lakini familia ambayo vita vimeimalizia mifugo haiwezi kumposa binti wa kujivunia, na hutafuta binti ambaye mahari yake ni ng'ombe wachache.

"Kwao ni mbali," mama aliendelea. "Ni huko kwenye mabwawa, kambi za ng'ombe. Hawajui kwamba anaogopa ng'ombe. Hawajui kwamba ukimshika ghafla kwa nyuma anakojoa. Huyo kaka wa marehemu atamshika vipi?" Alikwangua doa moja la karanga kwa ukucha. "Nilipokuwa namfunga kwa waya hakuna mtu aliyekuja kumtazama, mwalimu. Wewe ulimsafisha, wakamwona."

Hakuyasema kwa hasira. Ndivyo ilivyokuwa. Kwao mchumba hutazamwa anapoleta sinia: anavyopiga goti, anavyomimina, kama mkono unatetemeka. Jambo nililomfundisha ili akae na watu ndilo lile lile ambalo posa hupimwa nalo. Hakuna darasa linalokuonya kuhusu hilo, wala kitabu. Kitabu kimeandikwa mahali ambapo chai ni chai.

Nilianza na mkubwa wangu wa kazi, mama mmoja wa Kenya mwenye roho nzuri na woga mwingi. "Hayo ni mambo ya ng'ombe," aliniambia. "Tukiingia hapo, kesho tutaambiwa tufunge ofisi. Andika ushauri, uwaachie familia." Nikaenda kituo cha polisi. Askari wa zamu aliuliza kama binti amepigwa. Hapana. Analia? Hapana. "Basi harusi si kosa," alisema, akaendelea kumenya chungwa lake. Nilijua kwamba nikienda mahakama ya chifu, chifu angeuliza kwanza ng'ombe wako wapi.

Nikabaki na njia moja, ya kwenda kwa baba mkubwa mwenyewe. Nilimkuta kwake, nje chini ya kibanda cha mikeka, anasikiliza redio.

"Karibu, ustaz," alisema akinitazama miguuni. "Soksi nyeupe tena. Leo unatupeleka shule?"

Nilicheka, kwa sababu ukikasirika umeshindwa. Nikamwambia sheria ya nchi hairuhusu ndoa bila ridhaa ya mwanamke, na kwamba binti yao hawezi kuelewa anachokiridhia.

Akazima redio. "Hawezi?"

"Hawezi, mzee."

"Kanisani ulisema nini?"

Nilijaribu kurudi kwenye sheria, akanikatiza.

"Ulisema mtu kamili. Ulisema ana neno lake. Mimi nilikuwa benchi la mbele, sikulala. Sasa leo hana neno?" Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayemsikitikia mwenzake. "Nyinyi mliorudi mna shida moja. Mnajua kila kitu, isipokuwa mnalotaka. Mtu huyu alikuwa amefungwa kama mbuzi, tukaambiwa sisi washenzi. Sasa amefunguliwa, tunamtafutia nyumba, watoto, jina. Akizeeka nani atampa maji? Wewe? Shemeji yangu akifa kesho, utamchukua kwako?"

Swali hilo huulizwa kila nyumba ninayoingia. Ndilo linalotuangusha katika kazi hii kuliko uhaba wa mafuta ya gari. Ndugu wana haki ya kuuliza nani atakuwepo, nasi tunajua kwamba mradi una mwisho.

"Wewe unataka ridhaa," alisema. "Vizuri. Tutamwuliza mbele ya watu. Akikataa, mimi mwenyewe nitawarudisha wageni. Akikubali, utakunywa soda na kunyamaza. Sawa?"

Nikasema sawa. Kwa maana nilijua jambo ambalo yeye hakulijua.

Siku ya kikao viti vya plastiki viliazimwa kanisani na kupangwa uani. Walikuja baba zake binti, wakubwa kwa wadogo, na upande wa pili walikuja wageni wachache, wakiongozwa na mama wa marehemu. Alikuwa bibi mrefu, mwembamba, amevaa viatu vya kiume. Hakutazama nyumba wala mapazia. Alimtazama binti tu, na alimtazama kwa upole. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia na sikuweza. Mwanawe alikufa vitani hata mwili haukurudi, na alilotaka ni mtoto mmoja wa kuitwa kwa jina lake kabla yeye mwenyewe hajafa.

Mama wa binti alimwambia mwanawe akae ndani. Hakukaa. Alisikia sauti za wageni, na wageni maana yake ni chai. Alitoka na sinia, akapiga goti, akaweka mezani bila kumwaga hata tone. Mzee mmoja wa upande wa wageni alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mama alifumba macho.

"Haya," alisema baba mkubwa, akamwita binti akae mkekani katikati, karibu na mama yake. Alizungumza Kiarabu cha Juba ili kila mmoja aelewe. "Mwanangu. Mama huyu amekuja kutoka mbali. Anataka uende naye, uwe wa nyumba yake. Utaenda?"

"Ndiyo," alisema binti, akatabasamu akisubiri makofi.

Yakapigwa. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele kifupi. Baba mkubwa alinigeukia. "Ustaz, soda yako ni ipi? Nyekundu au nyeusi?"

"Naomba nimwulize na mimi, mzee."

"Uliza. Mwanafunzi ni wako."

Katika kazi yetu tunajua kwamba watu kama binti wengi hukubali. Wamekuwa wadogo mbele ya kila mtu maisha yao yote, na kukubali ndiko kunakowaletea uso mzuri wa yule anayeuliza. Kwa hiyo swali hugeuzwa. Unauliza upande huu, halafu unauliza upande wa pili, na jibu likiwa lile lile unajua huna jibu. Kwa kawaida hufanywa faraghani, kwa upole, ili ujue namna ya kumsaidia. Mimi nilifanya uani, mbele ya koo mbili.

"Unataka kubaki hapa na mama yako?"

"Ndiyo."

Watu wakacheka kidogo. "Amependa pote," alisema mmoja wa baba zake wadogo. "Ana bahati, sisi hatupendi popote."

"Hilo ni swali la kumchanganya," alisema baba mkubwa. "Kila msichana anampenda mama yake."

Nikaona kwamba haikutosha. Nikaendelea. "Wewe ni mwanamume?"

"Ndiyo."

Kicheko kikawa kikubwa. Binti alicheka pia, kwa sababu watu walikuwa na furaha naye. Baba mkubwa hakucheka. Alikuwa ameanza kuelewa ninakokwenda, na macho yake yaliniambia niache. Lakini mama wa marehemu bado alikuwa anamtazama binti kwa ule upole, kama mtu ambaye ameshaamua, na mimi nilihitaji swali ambalo bibi yule asingeweza kulitetea.

Mama alikuwa ameketi pale, bega kwa bega na binti yake.

"Mama yako amekufa?" niliuliza.

"Ndiyo," alisema binti.

Hapo hakucheka mtu. Kutoka barabarani ilisikika honi ya lori. Binti alizungusha macho akitafuta nyuso zilizokuwa zinacheka muda mfupi uliopita. Kisha akamgeukia mama yake, akamtazama kwa muda mrefu, mdomo wazi.

Bibi mrefu aliinuka. Alizungumza bila kumtazama mtu yeyote. "Mwanangu amelala bila mtoto. Siwezi kumpa mke asiyejua kama mama yake yu hai." Alipofika mbele ya mama wa binti alisimama, akamwekea mkono begani. "Maalesh, mwenzangu," alisema. Pole. Akatoka, na watu wake wakamfuata.

Baba mkubwa alibaki ameketi mpaka viti vingine vyote vikawa vitupu. "Umeshinda," aliniambia. "Sasa hakuna mtu mjini humu atakayemwuliza huyu mtoto jambo lolote tena. Hata kama anataka maji." Akaniachia chupa ya soda ambayo haijafunguliwa, akaondoka kuelekea Bilpam.

Nimesimulia kisa hiki kwa wenzangu na wamegawanyika. Kuna wanaosema nilimdhalilisha mteja mbele ya hadhara. Nawaambia waje wao Hai Jalaba na digrii zao, wakae kwenye kiti kile, waone lugha yao ya mikutanoni itawafikisha wapi. Binti hakupelekwa kwenye mabwawa. Hakushikwa gizani na mtu asiyemjua. Nilikwenda kulizuia hilo na nililizuia, peke yangu, bila polisi wala chifu wala mkubwa wangu wa kazi. Ikirudi siku ile nitauliza maswali yale yale.

Lakini habari za kikao zilitembea. Vijana wa maduka ya vyuma walizigeuza kuwa mchezo. "Dada, wewe ni mwanamume?" "Ndiyo." "Dada, wewe ni rais?" "Ndiyo." Wakagongana viganja. Jirani msusi aliwafukuza kwa fimbo siku za kwanza, kisha akachoka, maana naye ana wateja. Na swali waliloliuliza zaidi lilikuwa lile la mwisho, la kifo cha mama, kwa kuwa ndilo lililosifika mjini.

Hapo binti akaanza kuogopa. Mama akichukua ndoo yake ya karanga asubuhi, binti alimshika khanga. Akiachwa, alikaa langoni na kulia kilio cha kufiwa, kile cha wanawake wa kwao, mikono kichwani. Wapita njia walisimama kuuliza ni nani aliyefariki. Sinia hakuligusa tena, hata wageni walipokuja. Mama alianza kukaa nyumbani, na mahali pake Custom, kwenye kivuli kizuri karibu na wauza nyanya, pakachukuliwa na mwanamke wa Uganda.

Aliniita mwezi uliopita. Nilimkuta amesimama nje, ndoo iko kichwani, amechelewa, macho mekundu.

"Mwalimu," alisema, "siwezi kula ukuta. Leo ninakwenda, hata akilia. Wewe ndiye uliyemwambia nimekufa. Kaa naye, umwambie niko hai."

Akaenda bila kugeuka. Binti alikimbia mpaka langoni na kubaki hapo, akiutazama uchochoro. Nilichuchumaa kando yake kama nilivyokuwa nikifanya wakati wa sufuria na maji, nikasema polepole, neno kwa neno, kwamba mama yuko sokoni, mama anauza karanga, mama atarudi jua likishuka.

Alinisikiliza. Alinitazama mdomo, kama zamani.

"Mama yako yu hai," nilimwambia. "Unasikia? Yu hai."

"Ndiyo," alisema.

Kisha akaweka mikono kichwani, akaendelea kulia.